Mstari Uliopinda

Maua ya usinisahau yalianza kuota mahali ambapo hayakuwa na haki ya kuota, na Oddlaug ndiye aliyeyaona kwanza.

Theluji ilikuwa imeyeyuka juzijuzi tu. Alikuwa amevaa gambuti, anazunguka bustani kukagua nini kimepona na nini kimekufa, kama afanyavyo kila mwenye bustani bonde lile majira ya kuchipua yakifika. Nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha nyasi ambacho marehemu mumewe alikuwa akikiita jangwa, mguu wake ulizama. Akauchomoa, shimo likajaa maji. Kando ya shimo hilo akaona vijani vidogo vyenye manyoya, vimejikusanya kama vifaranga. Aliinama akavishika. Si yale aliyoyapanda yeye. Yalikuwa usinisahau ya porini, ya jamii inayopenda kukaa na miguu ndani ya maji, yale yanayoota chini kabisa korongoni kandokando ya kijito. Huku juu hakuwahi kuyaona, na alikuwa ameishi pale tangu aolewe.

"Mmefuata nini huku?" akayauliza, kwa kuwa alikuwa mjane na alishazoea kusema na mimea.

Yake mwenyewe yalikuwa ukingoni mwa bustani, pale ardhi inapokatika na kuteremkia korongoni. Alikuwa ameotesha mbegu kiangazi kilichopita, akaihamisha miche vuli, akiwa ameivuta kamba kati ya vigingi viwili ili mstari unyooke. Oddlaug alikuwa mpishi wa nyumba ya wazee miaka yote ya kazi, na wazee wale walimfundisha kwamba kitu kikipangwa vizuri kinaliwa vizuri. Alipenda mistari. Mstari ule ulitoka kwenye baraza hadi kwenye ua wa vichaka, na juu yake, mteremkoni, lilikuwa shamba la mdogo wake Jorid na mume wake Arnfinn: nyumba yao nyeupe, banda lao jekundu, na nyuma ya banda, uwanja mpya ambao Arnfinn alikuwa ameujaza udongo vuli nzima. Barabara kuu ilikuwa ikichimbwa ng'ambo ya mto, malori yakitafuta pa kumwaga, na Arnfinn akayakaribisha yote. Kila aliyepita alimsifu. Pale palipokuwa bonde la mbuzi sasa palikuwa tambarare kama meza.

Usinisahau yalipochanua, katikati ya Mei, Oddlaug alisimama barazani na kikombe cha kahawa akatazama ule ubuluu wake, na kahawa ikampoa mkononi. Mstari ulikuwa umepinda.

Haukupinda sana. Ncha zote mbili zilikuwa mahali pake, lakini katikati maua yalikuwa yamesogea kuelekea korongoni, kama upinde unaoanza kuvutwa. Alikwenda akatafuta kamba yake ile ile, akaifunga tena kwenye vigingi, akaivuta. Kiganja kizima kiliingia kati ya kamba na maua ya katikati. Akakitoa kiganja, akakirudisha tena, kana kwamba mara ya pili kitapata jibu tofauti.

Chini ya bustani zote za bonde lile kuna udongo wa buluu. Kila mtu anaujua. Umekaa huko chini tangu bahari ilipojiondoa, mgumu kama jibini ukiukata, na ukitikiswa vibaya unageuka uji. Zama za babu wa babu, shamba zima la ng'ambo lilishuka mtoni asubuhi moja, kanisa na watu wake, na mahali hapo hadi leo panaitwa Shimoni. Watoto wanafundishwa shuleni, wanachora picha, kisha wanakua na kusahau, kwa sababu mtu hawezi kulala kila siku akifikiria kilicho chini ya kitanda chake.

Alipanda juu kwa shemeji yake.

Arnfinn alikuwa chini ya trekta, miguu tu ndiyo inaonekana. Alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na wote walimpenda, Oddlaug akiwa mmoja wao.

"Shemeji," Oddlaug akasema, "maua yangu yamehama."

"Yamekwenda wapi?" sauti ikatoka chini ya trekta. "Yamepata kazi mjini?"

"Sifanyi mzaha. Mstari umepinda katikati. Na nyuma ya nyumba kumejaa maji, pameota mimea ya kijitoni."

Arnfinn alijitoa, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. "Oddlaug, theluji ilikuwa nyingi mwaka huu. Baridi inainua udongo, inaushusha. Hata nguzo zangu za uzio zimesimama kama walevi wanaorudi harusini. Maua yako yamelewa, basi. Yaache yalale, yataamka."

"Ule udongo uliomwaga hapo nyuma ni mzito, Arnfinn."

Hapo uso wake ulibadilika kidogo tu. "Udongo wangu uko kwenye ardhi yangu," alisema. Kisha akatabasamu tena. "Jumapili mjukuu wangu Ylva anapata kipaimara, na bibi yake amekwisha sema meza zote ziwe na maua yako ya buluu. Ukiniletea yaliyolewa, sawa tu, yatafanana na wageni."

Alicheka, na Oddlaug naye akacheka, kwa kuwa ilikuwa vigumu kutocheka na Arnfinn. Lakini alipokuwa akiteremka, alipita kando ya ule uwanja mpya akaona madimbwi juu yake, na maji ya madimbwi hayakuwa na pa kwenda.

Alipiga simu wilayani. Mwanamke mwenye sauti ya upole alimuuliza kama kuna nyufa. Hakuna. Kama milango inakwama? Mlango wa chumba cha chini, ndiyo, lakini huo umekwama miaka yote. Mwanamke akasema mhandisi yuko likizo, sikukuu ya taifa imekaribia, atakuja wiki itakayofuata. "Na mama," aliongeza, "ukiona ufa, utupigie mara moja."

Siku zilizobaki kabla ya Jumapili, Oddlaug alikwenda ukingoni kila mara alipopata sababu, na alipokosa sababu akaitunga. Kijito cha korongoni, ambacho siku zote kilikuwa na sauti, kilikuwa kimenyamaza. Alishuka nusu ya njia akakichungulia. Maji yalikuwepo, lakini yalikuwa mazito, ya kijivu, kama maji yaliyooshewa vyombo vya unga. Ndege mdogo wa majini anayekaa kwenye mawe yake hakuwepo. Oddlaug alirudi juu haraka kuliko magoti yake yalivyopenda.

Jumapili ilikuja na mvua nyepesi. Kanisani Ylva alisimama na wenzake katika vazi la kijadi alilorithi, vifungo vya fedha vinalia kila akipumua, binti mrefu wa miaka kumi na minne aliyejikunja mabega ili asiwe mrefu. Alipopita katikati ya viti alimkonyeza Oddlaug. Jorid, aliyekaa kando, alimkanyaga dada yake mguu kwa furaha.

"Maua umekata?" akanong'ona.

"Nakata tukitoka. Haya yananyauka upesi, ukiyakata mapema yanainamisha vichwa."

"Usichelewe, dada. Supu ikipoa Arnfinn atatoa hotuba mbili."

Basi wageni walipokwenda nyumbani kwa Arnfinn, Oddlaug aliteremka bustanini na kikapu na mkasi, amevaa gambuti chini ya vazi lake la sikukuu. Aliinama kwenye ncha ya mstari akaanza kukata. Alifika katikati akiwa ameinamisha kichwa, na mkono wake ulipokwenda kutafuta shina lililofuata ukaingia hewani.

Ufa ulikuwa umepita katikati ya maua. Ulikuwa mwembamba, mtu angeweza kuuruka bila kukunja vazi, lakini kina chake hakikuonekana. Mizizi myeupe ya usinisahau ilining'inia pande zote mbili, mingine imekazwa kama nyuzi, bado imeshikana ng'ambo na ng'ambo. Akiwa bado anatazama, mmoja ukakatika. Haukutoa sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililomwondoa pale.

Aliacha kikapu, mkasi ungali mkononi. Alipofika juu, watu arobaini walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu, mishumaa imewashwa, na Arnfinn amesimama na glasi mkononi.

"Huyu hapa mama wa maua!" akasema. "Na maua yako wapi, shemeji? Yamekataa kuja?"

"Inukeni," Oddlaug akasema. Pumzi ilikuwa haimtoshi. "Tokeni nje nyote, mpande hadi barabarani. Kwenye mwamba. Ardhi imepasuka."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni sehemu ya hotuba, kisha akaacha.

"Oddlaug," Arnfinn alisema taratibu, kama mtu anayesema na farasi, "keti kwanza. Unywe kahawa."

"Sitaki kahawa. Nataka mtoke."

"Dada, si leo," Jorid akasema, na mashavu yake yalikuwa mekundu. "Tafadhali. Si leo mbele ya watu."

"Leo ndiyo siku yenyewe, mdogo wangu. Sikuichagua mimi."

Hakuna aliyesogea. Oddlaug alitazama meza, akaona nyuso za watu wanaosubiri aibu ya mwenzao ipite, na akahisi mwenyewe kwamba akinyamaza dakika moja zaidi atakubali kuketi. Ndipo Ylva alipoinuka, vifungo vikalia.

"Mimi naenda," alisema. "Chakula nitakula huko huko barabarani."

Mwenye sherehe akiondoka, sherehe gani tena? Mama yake akamfuata, kisha wengine, wakinung'unika, baadhi na sahani mkononi. Walisimama barabarani kwenye manyunyu, mavazi ya sikukuu yanalowa, na wakaitazama nyumba nyeupe ikiwa imetulia kwenye nyasi zake, moshi unatoka kwenye bomba. Zimamoto wakaja. Saa zikapita. Watoto wakaanza kulia njaa. Nyumba haikutikisika hata kidogo.

Kesho yake mtu wa wilaya alikuja, kijana mwenye koti la manjano. Aliingiza fimbo kwenye ufa, akapiga picha, akatazama uwanja wa Arnfinn kwa muda mrefu. Alisema huenda ni udongo mpya unajipanga tu, lakini hawezi kujua bila kuchimbua kwa mashine, na mashine iko kaskazini, itafika mwezi ujao. Alimshauri Oddlaug alale kwingine. Kwa wengine, alisema, waamue wenyewe. Asimwage mtu udongo zaidi.

"Unaona," Arnfinn alisema, kijana alipoondoka. "Unajipanga." Hakucheka. "Mjukuu wangu amekula nyama baridi mvuani siku ya kipaimara chake, kwa sababu ya ua."

Jorid alimrudishia dada yake mkasi aliouacha mezani, ameufunga kwenye kitambaa, akageuka.

Habari hukimbia bonde lile kuliko gari la posta. Dukani walimuuliza Oddlaug maua yametabiri hali gani ya hewa. Mwanamume mmoja wa kwaya alimwimbia wimbo wa kipaimara huku akijifanya anazama. Nyumbani, kabla ya kwenda kukaa kwa mwanawe Eivind mjini, Oddlaug alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Aliujaza ule ufa kwa toroli la udongo, akaukanyaga, akayang'oa maua yote ya katikati na kuyapanda upya kwenye kamba, yamenyooka kabisa. Alitaka awe amekosea. Angeomba radhi nyumba kwa nyumba, angeokea mtaa mzima keki, ilimradi mstari ukae.

Kwa Eivind alipewa chumba cha juu kinachotazama maegesho ya magari. Mvua ilianza kunyesha mwanzoni mwa Juni na haikuona sababu ya kukoma. Oddlaug aliisikiliza ikipiga paa, akiwaza ule uwanja ulio kama meza, na kila tone aliliona likienda kukaa mahali pake, chini, pale pasipofika mwanga. Alimpigia Jorid simu mara kadhaa. Simu ililia hadi ikachoka.

Kisha asubuhi moja simu yake ndiyo iliyolia, na aliyepiga ni Arnfinn, ambaye katika maisha yake hakuwahi kupiga simu isipokuwa kwa daktari wa ng'ombe.

"Shemeji, ni mimi." Nyuma ya sauti yake mvua ilikuwa ikinyesha. "Niko bustanini kwako."

"Unafanya nini bustanini kwangu?"

"Nashuka huku kila asubuhi tangu uondoke. Jorid hajui, anadhani nakwenda kutazama uzio. Nilikuwa nakuja kuyaona yamenyooka. Yalikuwa yamenyooka, Oddlaug. Hadi juzi. Nilikuwa nayatazama, narudi nyumbani nakula vizuri."

"Na leo?"

"Leo nusu yapo huku nilipo, na nusu yapo chini. Kimo cha mtoto. Na yanakwenda. Nayaona yakienda."

Oddlaug alikuwa amekwisha simama. "Arnfinn, nisikilize. Ondoka hapo. Mchukue Jorid. Usizime simu."

"Sizimi," alisema, mtiifu kama mtoto.

Eivind alitumia simu yake mwenyewe kuwaita zimamoto, na Oddlaug akabaki na sikio lake limegandamana na lile bonde. Alimsikia Arnfinn akihema akipanda mteremko, simu ikiwa mfukoni, kitambaa kinakwaruza. Alisikia mlango, kisha sauti ya mdogo wake, karibu kama yuko chumbani: "Na hayo matope? Nimepiga deki sasa hivi! Ngoja basi nigeuze chapati hii..." Kisha sauti ya Arnfinn, ile ya kuitia ng'ombe, neno moja tu, na kikaango kilichoanguka. Nyayo. Jorid akiuliza, akiuliza tena. Changarawe. Mlango wa gari.

"Endesha hadi barabarani, usisimame," Arnfinn alikuwa akisema. "Nakuja nyuma yako. Ndama wamefungwa bandani, nawafungulia tu."

"Arnfinn, acha ndama!" Oddlaug akapiga kelele ndani ya simu. "Arnfinn! Panda gari!"

Gari liliondoka. Simu ilirudi sikioni mwake, kwa maana sauti yake ikawa karibu ghafla.

"Ameondoka," alisema. "Naliona gari, limefika kwenye mwamba. Ni ndama tu, shemeji, dakika moja. Siwezi kuwaacha na kamba shingoni."

"Arnfinn, nakusihi."

Kulikuwa na sauti ya mnyororo, kwato, ndama akilia. Kisha ukaja mlio ambao Oddlaug hakuwahi kuusikia na hakuweza baadaye kuwaeleza polisi. Haukuwa ngurumo. Ulikuwa wa chini na wa kulowana, kama kitu kikubwa mno kikivuta pumzi kupitia kitambaa.

"Oddlaug," Arnfinn akasema. Hakupiga kelele. "Miti inatembea."

Baada ya hapo simu ilikuwa kimya, naye aliendelea kuishikilia sikioni hadi Eivind alipomfungua vidole kimoja kimoja.

Nyumba yake ilikwenda, na bustani, na banda, na uwanja mpya wote, na sehemu ya nyumba nyeupe pamoja na jiko. Udongo ulitiririka hadi mtoni ukauziba mto. Ndama watatu walikutwa wakila nyasi kando ya barabara. Arnfinn walimpata baadaye, chini kabisa, wakati watafutaji walikuwa wamekwisha anza kuzungumza kwa sauti za chini. Kwenye mazishi watu walimpa Oddlaug mkono mmoja baada ya mwingine, na yule wa kwaya alilia sana. Mtu mmoja akasema sikio la kufa halisikii dawa. Jorid alimsikia. Alisimama pale pale, akamwambia mbele ya mchungaji aondoke.

Lakini kwa dada yake hakusema neno. Alikwenda kukaa kwa mama yake Ylva, na kiangazi chote Oddlaug alipokwenda huko aliambiwa amelala.

Ilikuwa vuli alipokuja mwenyewe, kwa basi, bila kutangulia kusema. Aliketi jikoni kwa Eivind bila kuvua koti. Oddlaug akatia kahawa. Jorid aliuzungusha mpini wa kikombe huku na huku.

"Ulisema kweli," alisema hatimaye. "Sitakusamehe kwa hilo. Najua ni upuuzi. Nakuambia tu jinsi ilivyo."

"Sawa," Oddlaug akasema.

"Ungekuja kunivuta nywele. Ningekuchukia, lakini ungenivuta."

"Nilipiga simu."

"Niliiona ikilia. Nilikuwa nimekaa kando yake." Alinywa kahawa kidogo, ikamuunguza, akaendelea kunywa. "Wananiambia ulikuwa naye kwenye simu hadi mwisho. Polisi wameandika maelezo yako. Mimi hakuna aliyeniambia alichosema, wote wananionea huruma. Alisema nini?"

Oddlaug alikuwa ameisubiri siku hiyo, na alikuwa ametayarisha maneno mazuri, maneno ambayo mume angeweza kumwachia mkewe. Alimtazama mdogo wake, akayaacha.

"Alisema miti inatembea."

Nje, mtu alikuwa akijaribu kuliegesha gari mahali padogo, akiingia na kutoka.

"Aliogopa?"

"Hapana. Alishangaa. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayemwita mwenzake dirishani aje aone."

Jorid akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa. Kisha akafungua vifungo vya koti lake, cha juu, halafu cha pili, akaishia hapo.

"Nguo zake ziko kwenye masanduku," alisema. "Siwezi kuzigusa peke yangu. Njoo kesho. Njoo mapema, kabla Ylva hajaenda shule, anataka ile sweta ya buluu ya babu yake, na mimi sitaki kuwa mtu wa kumpa."